Kabla hujanunua tanga kubwa, geuza ubao utazame pezi

Tanga_la_Shela (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wana jukwaa.

Uzi huu naufungua kwa uchovu. Kila upepo wa kusi ukianza kukaza, jioni pale ufuoni Shela hunifuata kijana, ubao wa tanga kichwani, uso umekunjamana: "Ami, tanga hili dogo, halinipandishi joshi," yaani kule upepo unakotoka. Aliingia majini mbele ya jeti, upepo na mkondo vikamchukua ndani ya mlango wa bahari hadi karibu na Lamu mjini, sasa anarudi kwa miguu pwani kwa pwani. Hata punda waliobeba mchanga wamempita. Anataka kujua nani anauza tanga la mita 8.

Mimi humwambia tua chini huo ubao, ugeuze tumbo juu.

Chini, upande wa tezi (nyuma), kuna pezi. Wengine wanaliita fini, sawa tu. Mara nyingi nakuta ni lile lile lililokuja na ubao wenyewe miaka hiyo, ubao wa mgeni aliyeondoka akaona tabu kuusafirisha. Ukingo wa mbele una mapengo kama meno ya mzee, limelegea ndani ya boksi (tundu linamokaa), na urefu wake ni wa tanga lingine kabisa.

Tulikulia kwenye mashua, kwa hiyo nieleze kwa mashua. Ukibisha, yaani ukipanda upepo kwa kwenda upande huu na ule, tanga halikusukumi mbele tu. Sehemu kubwa ya nguvu yake inakusukuma ubavuni, demani, kule upepo unakokwenda. Kinachokataa ni mkuku, ule mti wa chini ya chombo. Mashua yetu mkuku wake haukuzama sana, lakini umekwenda urefu wote kutoka omo (mbele) hadi tezi, ndio maana inabisha japo kwa uvivu. Ubao wa tanga hauna mkuku. Zile mbao ndefu za zamani zina kisu cha kati cha kuchomeka, lakini hizi fupi za siku hizi kila kitu kimeachiwa kijipezi kimoja tezi.

Sasa hapa ndipo wengi hawapajui. Pezi halizuii kama ukuta, linafanya kazi kama bawa. Ubao ukienda, hauendi hasa kule omo inakotazama, unateleza upande digrii chache. Huko kuteleza kidogo ndiko kunakolipa pezi pembe ya kukata maji. Maji yakipita kwa pembe hiyo, upande wa demani wa pezi hukandamizwa zaidi na upande wa joshi hukandamizwa kidogo, pezi likavutwa kwenda joshi, nawe ukapanda. Bila kasi hakuna bawa, na hesabu yake si ya moja kwa moja: kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya pezi inazidi mara nne.

Chukua hiyo mara nne uifikirie vizuri. Ubao ukishatoka majini na kuanza kuteleza juu juu (kupleni, wanavyosema vijana), pezi dogo linatosha kabisa. Ukiwa bado unakokota kwenye upepo mwepesi, pezi lile lile halishiki kitu, unaporomoka demani. Ndiyo sababu tanga kubwa na upepo mdogo hutaka pezi refu, na tanga dogo na upepo mkali hutaka pezi fupi. Kwa tanga la mita za mraba 7 wengi huwa kati ya sentimita 38 na 42. Kwa tanga la 5 kwenye mawimbi, 21 hadi 23 inatosha. Zile mbao za Olimpiki za RS:X, zilizoshindaniwa kuanzia 2008 hadi michezo ya Tokyo, za wanaume zilikuwa na pezi la sentimita 66. Kuna daraja liitwalo Formula wanaofika hadi 70. Hiyo ni zaidi ya nusu mita ndani ya maji, ndugu yangu.

Na hapo ndipo nilipojikwaa mimi. Nilipata pezi la 46, la kaboni, jembamba na wima kama upanga. Nikasema leo ndiyo leo. Kweli nilipanda joshi mpaka nikajiona nahodha. Lakini ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yanakupwa, na mimi niko mbele ya Ras Kitau nikijua fungu la mchanga liko pale tangu nazaliwa. Pezi likalijua kabla yangu. Ubao ulisimama, mimi sikusimama. Nilipita juu ya mlingoti, boksi la pezi likapasuka, na mwezi mzima nikawa mtazamaji.

Kwa hiyo swali langu kwa wenzangu wa Lamu na Malindi: mnatumia pezi gani, na kwa nini?

Maji_Mafu

Ami, umesema vizuri, ila unawatetea vijana kupita kiasi. Nusu ya matatizo si pezi, ni mguu wa nyuma.

Nimewatazama sana. Ubao unashika kasi, kijana anafurahi, anaukanyaga mguu wa nyuma kwa nguvu zote kama anaua nge. Tezi inaponyoka, ubao unakwenda kiubavu kama kaa, kisha unasikia "pezi bovu". Pezi lilikuwa zima! Ulilisukuma zaidi ya uwezo wake, hewa ikanyonywa kutoka juu ya maji ikashuka ule upande wa joshi, na bawa lililozungukwa na hewa halina kazi. Dawa yake ni kuutoa uzito mguu wa nyuma, uvute tezi irudi chini yako, hewa itoke, maji yashike upya. Anayeijua hiyo anakwenda na pezi lolote.

Tanga_la_Shela

Pezi lolote? Hapana, shekhe. La mguu nakubali. Lakini chukua pezi mbili za urefu mmoja, moja ukingo wake wa mbele umejaa mapengo ya matumbawe. Mpe mtu mmoja, tanga moja, upepo mmoja. Lenye mapengo litaponyoka mapema, kwa sababu maji yanavurugika tangu yanapoingia. Huo si mguu.

Maji_Mafu

Hiyo nakupa.

Fundi_wa_Dau

Mimi sipandi hivyo vibao vyenu, goti langu moja halinisikii. Lakini vijana wa Shela wananiletea mapezi niwatengenezee, kwa hiyo nina la kusema.

Kosa la kwanza ninaloliona: wananoa ukingo wa mbele ukawa mkali kama kisu cha kupaa samaki. Wanadhani maji ni nyama, yanakatwa. Tazama nguru au jodari, kichwa chake ni cha kisu? Mbele ni duara, unene unajaa kiasi cha theluthi moja kutoka mbele, halafu mwili unapungua taratibu hadi nyuma panakuwa pembamba. Pezi ni hivyo hivyo. Mbele pakiwa na duara zuri, pezi linavumilia ukilikaba kwa pembe kubwa. Pakiwa pakali, ni la mbio tu, kwa mtu anayejua, likienda moja kwa moja. Ukilikosea kidogo linakutupa. Unene wa sehemu moja ya kumi ya upana wake unatosha, na pande zote mbili zilingane kabisa. Mimi huchonga kigezo cha kadibodi cha upande mmoja, nakigeuza kukipima upande wa pili. Mwanga ukipita, narudi kwenye msasa.

Kosa la pili: sauti. Mtu ananiambia "fundi, pezi langu linaimba". Linavuma kama nyuki ubao ukishika kasi. Hiyo ni nyuma, ukingo wa mwisho ni mnene au umekatwa butu, maji yanaachia kwa kupigapiga huku na huku na pezi linatetemeka. Chukua msasa wa maji namba 400, ukwangue ule ukingo wa nyuma kwa mshazari kidogo upande mmoja. Litanyamaza. Kisha malizia na 600. Usipake vanishi ya kung'aa sana ukidhani ndiyo kasi, ulaini wa msasa unatosha.

Kuhusu mbao: nimejaribu msaji na mvule. Kwa pezi fupi la kujifunzia, sentimita 25 hivi, msaji unafaa ukiuvika faiba na epoksi. Refu zaidi ya hapo mbao inataka unene mwingi ili isivunjike shinani, na unene ukizidi unakokota maji. Siku hizi nikipata kipande cha G10, zile nyuzi za kioo zilizobanwa kwa epoksi zikawa kama bati, ndicho ninachokipenda. Kinachongeka kwa tupa, kinapinda kidogo bila kuvunjika. Ila vumbi lake si la mchezo, vaeni barakoa na mchonge kwa maji. Mapafu hayana fundi.

Mtoto_wa_Silversands

Salamu kutoka Malindi. Nyinyi wa Lamu mnazungumza kupanda joshi tu kwa sababu bahari yenu ni mfereji. Huku kwetu ghuba iko wazi, kusi ikipiga kuna mawimbi ya kweli, na pezi refu ni adui.

Mimi natumia 22, limelazwa nyuma, ncha imepinda kama pezi la pomboo. Likilazwa hivyo ubao unageuka kwa mguu tu, unashuka wimbi, unakata, unapanda tena. Pezi wima linang'ang'ania kwenda moja kwa moja, zuri kwa mbio lakini kwenye wimbi linakufanya uonekane unaendesha lori. Rafiki yangu ana ubao wa mapezi matatu, la kati 16 na mawili madogo pembeni. Unashika vizuri kwenye mgeuko, ila kwenye maji tambarare hulalamika kuwa unakokota. Mapezi matatu, ncha tatu, kingo tatu, kila moja inadai haki yake ya maji.

Halafu kuna Sabaki. Upepo wa kaskazi ukianza, maji ya mto yanasukumwa kusini kuja kwetu, ghuba inageuka rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mna vijiti, magome, wakati mwingine gogo zima. Huoni kitu. Kusi ikirudi tope linapelekwa upande wa kaskazini, sisi tunapumua. Kwa hiyo kwenye kaskazi naweka pezi la bei rahisi la plastiki. Linapindapinda, halina shukurani, lakini likigonga gogo silii.

Ndani ya hifadhi ya bahari kule kwenye matumbawe (inalindwa tangu 1968, msisahau) ndiyo kabisa, pezi refu na tumbawe wasikutane. Usalama wa tumbawe kwanza, pezi baadaye.

Tanga_la_Shela

Uliposema kulaza umenikumbusha. Huku kwetu tunalaza kwa sababu nyingine: majani ya bahari. Bahari ikichafuka yanang'oka yakaelea kila mahali, na pezi wima linayakusanya kama chanuo. Hujui kilichotokea, unahisi tu ubao umekuwa mzito, kisha tezi inaponyoka bila sababu. Pezi lililolazwa digrii 45 au zaidi, majani yanateleza hadi nchani yanaachia yenyewe.

Bei yake ni kuwa halipandi joshi vizuri kama la wima. Pezi refu jembamba lina uwiano mzuri wa nguvu na ukokotaji, kama bawa la ndege wa baharini anayekaa hewani siku nzima. La kulaza ni fupi na pana, kwa hiyo unapata nguvu lakini unalipa kwa ukokotaji. Nalipa kwa furaha. Baada ya kisa cha Ras Kitau, fupi na pana ni ndugu yangu.

Kaiti_Tu

Njooni kwenye kaiti, ubao wa kuvutwa na tiara, mapezi yetu yanaingia mfukoni 😂

Maji_Mafu

Na kamba zenu zinaingia kwenye milingoti ya wavuvi. Endelea na uzi, ami.

Binti_Pwani

Shikamooni. Mimi naanza, nisameheni swali la kitoto. Nimepewa ubao wa zamani, chini una mfereji mrefu na pezi linaweza kusogezwa mbele na nyuma, lina skurubu moja na kibati kidogo cha mraba. Limelegea. Niliweke wapi? Na kila nikienda upepo ukizidi ubao unataka kupinduka, upande niliosimama unanyanyuka.

Tanga_la_Shela

Marahaba mwanangu. Hakuna swali la kitoto baharini.

Mfereji huo unaitwa US Box. Una bahati, maana mbao nyingi mpya zina boksi la aina ya Tuttle au Power Box ambapo pezi lina kikao kimoja tu, halisogei. Wewe una nafasi ya kucheza. Pezi likisogezwa nyuma, ubao unakuwa mtulivu, unakwenda moja kwa moja, kugeuka unasita. Likija mbele, ubao unakuwa mwepesi kugeuka lakini unacheza cheza chini ya miguu. Anza katikati. Halafu sogeza kwa upana wa kidole kimoja, siyo zaidi, uende ukajaribu kabla ya kusogeza tena. Wengi husogeza kutoka mwisho huu hadi mwisho ule kisha hawajui kilichobadilika.

Kulegea: toa mchanga wote kwanza. Mchanga ukikaa kwenye mfereji, skurubu inakaza mchanga, haikazi pezi. Likishakaa, pitisha kidole pale shina linapogusana na ubao. Pasiwe na pengo, maana pengo ni mlango wa ile hewa aliyoisema Maji Mafu.

Kupinduka: hilo ni pezi kubwa mno kwa upepo huo. Pezi liko chini ya ubao na linavutwa kwenda joshi, kwa hiyo linaubinua ubao, upande wa joshi unapanda. Kasi ikizidi na ile mara nne yake, uzito wako hautoshi kuushikilia. Usiongeze nguvu. Punguza pezi. Urefu wake ni ngapi?

Binti_Pwani

Nimepima, 44. Tanga langu 5.5.

Maji_Mafu

Subhanallah. Mwanangu, hiyo ni nanga.

Fundi_wa_Dau

Njoo nalo. Usilikate mwenyewe kwa msumeno, nakujua bado hunijui lakini nakuomba. Ukilikata ncha tu linabaki pana na butu mwishoni, maji yanazunguka pale chini kutoka upande wa demani kwenda joshi na nusu ya kazi inapotea. Ncha lazima ichongwe upya, ipungue upana na unene. Nina kipande cha G10, nitakuchongea la 30 lililolala kidogo. Utanilipa kwa samaki.

Mtoto_wa_Silversands

Fundi, hivi ni kweli kuna mapezi ambayo upande mmoja ni tambarare na mwingine una tumbo? Niliona picha nikadhani limeharibika kiwandani.

Fundi_wa_Dau

Hilo sijawahi kulichonga.

Tanga_la_Shela

Yapo. Ni ya mbio za upande mmoja tu. Kule Lüderitz, Namibia, wanachimba mfereji, upepo unatoka upande mmoja, unakimbia kwenda tu, kurudi unarudishwa kwa gari. Hapo ndipo Mfaransa Antoine Albeau alipofikisha wastani wa noti 53.27 katika mita 500, Novemba 2015. Ni kama kilomita 98 na ushei kwa saa, juu ya maji, bila injini! Ukiwa hurudi kwa tanga, huna haja ya pezi lenye pande zinazolingana, unaweza kulipa tumbo upande wa joshi tu na upande wa pili ukauacha tambarare. Sisi tunaokwenda na kurudi, tukiliweka hilo tungefika kisiwa cha Manda na tusirudi Shela.

Na kwa kasi hiyo pezi lao ni fupi sana, maana mara nne inawafanyia kazi. Kumbe walioanza mambo haya hawakuwa na sayansi yoyote. Mmarekani Tom Blake, anayehesabiwa wa kwanza kutia pezi kwenye ubao wa mawimbi, 1935, alichukua mkuku wa boti ya injini iliyotupwa akaufunga chini.

Fundi_wa_Dau

Nampenda tayari.

Kaiti_Tu

Foili je, lile bawa la chini ya maji linaloinua ubao? Olimpiki ya Paris 2024 ilikuwa foili tupu, hakuna mapezi. Nyinyi mko nyuma.

Tanga_la_Shela

Kweli, iQFoil. Ubao unapaa juu kabisa, bawa liko chini karibu mita nzima. Kwa upepo mwepesi wa matlai hakuna kinachoishinda. Lakini karibu mita nzima, Shela, siku ya bamvua, maji yakikupwa? Nimeshavunja boksi kwa 46.

Tanga_la_Shela

Wiki mbili baadaye narudi na jaribio la mapezi nililoahidi pembeni. Alasiri moja, tanga moja la 6.5, upepo wa kusi haukubadilika sana, mapezi matatu. Nilianzia mbele ya jeti ya Shela, nikabisha kwenda nje kuelekea mdomo wa bahari hadi usawa wa mwisho wa ngome ile ya ufuoni, nikihesabu bisho.

Wima 40: bisho tano. Tamu sana kupanda, lakini maji yalipoanza kutoka na kusi inaingia, mkondo na upepo vikagombana, bahari ikasimama wima kama ngazi. Pezi refu likawa linanitupa kila ubao ulipogonga wimbi, mguu wa nyuma ukachoka kabla ya mkono.

Wima 34: bisho sita. Hili ndilo ningempa mtu yeyote. Halikunichosha, na kwenye yale mawimbi ya mkondo lilikuwa tulivu.

La kulaza 28: bisho nane. Majani yalikuwa mengi upande wa Manda na sikusimama hata mara moja kuyatoa, wakati na 40 nilisimama mara tatu. Ukihesabu muda badala ya bisho, 28 na 40 walikaribia kulingana.

Maji_Mafu

Na mguu wako wa nyuma?

Tanga_la_Shela

Niliukumbuka, shekhe. Niliukumbuka.

Binti_Pwani

Shikamooni tena. Fundi alinichongea la 30, nimeliweka katikati ya mfereji kisha nyuma kidole kimoja. Ubao haunyanyuki tena. Jana nimeingia mbele ya jeti nikatokea mbele ya jeti.

Fundi, kipande chako cha nguru kipo nyumbani, njoo na ndoo.

Na ami, kuna kijana anauza tanga la mita 8, anauliza kama bado kuna mtu analitaka.